Kitambaa Juu ya Mashine

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na afadhali niseme mapema. Mjini Mbinga wananijua: Fundi Othmar, ukimwita mara mbili kwa tatizo lilelile anakuja amekunja uso kabla hajafika mlangoni. Kompyuta zenyewe sijawahi kugombana nazo. Niliogombana nao ni watu, wale wanaochomoa hiki na kusogeza kile, kisha wanakutazama kwa macho makavu na kukuambia hakuna aliyegusa kitu.

Kabla ya kompyuta nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Miaka ile kahawa yote ya kwetu kijijini Ukata ilikuwa na njia moja tu ya kutokea, nayo ilipita mbele yangu gunia kwa gunia. Soko lilipofunguliwa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, na mimi nikabaki nimekaa kando ya mizani ambayo panya tu ndio waliokuwa wakijipima. Nikaenda Songea kusoma kompyuta kwa sababu zilikuwa kitu kipya, na kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Niliporudi, kila aliyefungua ofisi baada ya biashara kuwa huria alihitaji mtu wa kumtandazia nyaya, na mtu huyo nikawa mimi.

Mwaka 2004 niliteremka ziwani, kijiji cha Lipimbi kusini ya Liuli, kuwafungia masista wa kituo cha ushonaji dishi la satelaiti. Pamoja na dishi niliwawekea mashine ya ulinzi, ile wenzangu wanaiita faiawoli. Ilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na kazi nyingine ila kukaa kati ya dishi na kompyuta za ofisi, kuangalia kila kinachoingia na kutoka, na kuyaandika yote kwenye diski yake kama karani wa getini. Niliipangia kila kitu, hata siku yake ya kujisafisha, ambapo ingefuta maandishi ya zamani na kuikagua diski yenyewe. Nikapanda gari kurudi Mbinga nikijisifu moyoni. Kwa miaka sita hakuna aliyeniita, na ukimya huo nikauchukulia kuwa sifa.

Mwezi wa saba mwaka 2010 Sista Avelina, mkuu wa kituo, alinipigia simu. Alisema ana jambo dogo la mashine na jambo kubwa la mtu, na akaanza na lile kubwa.

Pale kituoni palikuwa na mama mjane aliyefanya usafi, aliyeitwa Mama Edina. Mtoto wake mmoja tu, huyo Edina, aliondoka mwaka uleule niliofunga dishi, akaenda Ureno kuwa mtawa kwenye monasteri ya Wakarmeli. Watawa wa namna hiyo hawatoki nje ya kuta zao mpaka kufa, hata kwenda kuzika wazazi. Ijumaa tarehe kumi na sita, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, Edina angeweka nadhiri za daima. Muumini mmoja wa kule alikuwa amepata ruhusa ya kuweka kamera kanisani kwa siku hiyo tu, na picha ingepita kwenye intaneti kuanzia saa saba mchana kwa saa zetu. Safari ya kwenda Ureno ilikuwa jambo la kuwaza tu. Mama Edina angemwona mwanawe Ijumaa hiyo, au asingemwona tena hapa duniani.

Jambo dogo lilikuwa kwamba walijaribu kufungua picha ya majaribio iliyotumwa kutoka Ureno, ikagoma.

Niliondoka Mbinga Alhamisi alfajiri nikiwa nimevaa sweta mbili, ukungu umelala juu ya mibuni. Gari lilipoteremka mpaka ziwa likaonekana chini nikavua sweta moja, na Mbamba Bay nikavua ya pili. Sisi watu wa milimani tukifika ziwani huwa tunalegea. Hewa ya kule ni nzito na ya uvuguvugu, harufu ya usipa, dagaa wa kule, unaoanikwa inakufuata kila unakokwenda, na sauti ya maji haikatiki hata ukiwa ndani ya nyumba. Mtu anatembea kama yuko katika ndoto ya mtu mwingine, akiomba radhi kwa kuingia.

Jioni ile nikaona tatizo. Mashine yangu ya ulinzi ilikuwa imezeeka, haikuielewa picha ya namna hiyo, na kwa kuwa haikuielewa iliizuia. Ningeweza kuifungulia njia moja ndogo, picha ipite, basi. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini mimi nilikuwa nimekuja na programu mpya kwenye sidii, na nilitaka masista waone kwamba fundi wao hafanyi kazi za viraka. Nikamwambia Sista Avelina kwamba kesho asubuhi nitaiboresha mashine nzima, dakika arobaini, na saa saba ikifika watakuwa wamekaa wanangoja wenyewe.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilimkuta Mama Edina amenitangulia ofisini. Alikuwa amevaa kitenge cha sherehe, cha buluu, na kilemba kipya. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akasema hakulala. Juu ya mashine ya ulinzi palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, cha aina ile watu wanayofunikia redio na viti vya sebuleni, kina maua mekundu pembe nne. Alikiondoa yeye mwenyewe kwa heshima. Akakikunja mara mbili kwa urefu, kisha mara tatu kwa upana, akakilaza mezani na kukipiga pasi kwa mkono wake, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akisogea taratibu kama anayemkanda mtoto mgongo. Sijawahi kuona mtu akikunja kitambaa hivyo. Nikaingiza sidii.

Saa tatu skrini iliandika asilimia nne.

Nikasema si kitu, mwanzo ni mgumu. Saa nne ikaandika asilimia tisa. Mashine ilikuwa imeniambia wazi mwanzoni kwamba nisiizime kabla haijamaliza, maana ingekufa, na hilo sikuhitaji kuambiwa. Nilifikiria kuiruka, nichukue waya wa dishi na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi. Lakini namba ya siri ya kuingilia satelaiti ilikuwa ndani ya mashine hiyohiyo, nayo isingeitoa kabla haijamaliza, na ile karatasi niliyoiandika mwaka 2004 sikujua iko wapi.

Kwa hiyo nikapanda kilimani nyuma ya kituo, mahali pekee ambapo simu zilishika, kuwaomba watu wa satelaiti Dar es Salaam wanipe namba nyingine. Wakati nangoja waninyanyulie simu nilitazama ziwa. Mbali, karibu na upande wa Malawi, inzi wa ziwani walikuwa wamepanda kutoka majini kwa mamilioni, nguzo ndefu nyeusi kama moshi wa shamba linalochomwa, na nguzo hiyo ilikuwa ikitembea juu ya maji polepole bila haraka yoyote. Kijana wa Dar es Salaam aliponinyanyulia nilikuwa nimesahau kwa muda nilichotaka kusema. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia maombi hushughulikiwa ndani ya siku moja ya kazi, na kesho ni Jumamosi. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Niliporudi ilikuwa asilimia kumi na tatu. Mama Edina alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, kitambaa kilichokunjwa kipo mapajani.

Nikaketi mbele ya skrini. Joto lilikuwa limeanza kuingia, feni ya mashine ililia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na ng'ambo ya ukuta wasichana wa ushonaji walikuwa wakikanyaga cherehani zao zote kwa pamoja. Sijui nilisinzia saa ngapi. Niliota niko kwenye mizani yangu ya zamani Ukata. Wakulima walikuwa wakileta magunia, nami nayapima, lakini ndani ya magunia hamkuwa na kahawa, mlikuwa na karatasi zilizoandikwa. Foleni ilianzia kwenye mizani na kuishia ziwani, ndani ya maji, na watu wa mwisho maji yaliwafika shingoni wakingoja zamu. Nikawa nawaambia, hizi za zamani mngezichoma nyumbani, mnanileteaje zote? Mmoja akanijibu kwa upole kwamba hakuna aliyekuja kuwaambia zipi ni za zamani.

Nilishtuka. Skrini ilisema kumi na saba, na saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

Ndoto ile ilinisaidia kuliko akili yangu. Kwenye mashine za aina hiyo kuna namna ya kubonyeza vitufe viwili ukapata dirisha la pili nyuma ya lile linalofanya kazi, ukachungulia ndani bila kuivuruga. Nikabonyeza. Nikaangalia diski. Ilikuwa imejaa, tena si kujaa tu. Maandishi ya miaka sita, kila kilichopita kuanzia siku ya kwanza, yalikuwa yote mle, yametawanyika vipande vipande kila kona. Kabla ya kuanza kujiboresha, mashine ilikuwa ikinakili kila kitu kwanza ili isipoteze, na kwa kuwa diski ilikuwa haijakaguliwa hata mara moja, ilikwama kwenye kila sehemu mbovu, ikarudia, ikakwama tena. Mahali pa kuandika siku ya mwisho ya usafi palikuwa patupu.

Sisi Wamatengo tunalima kwenye ngoro, vishimo vinavyoshika maji na udongo mlimani. Ni lazima uvitengeneze upya kila baada ya misimu michache; ukiviacha vinajaa, na mvua inayofuata haina pa kukaa. Mtoto wa Umatengo anayejua hilo toka akiwa mgongoni kwa mama yake alikuwa ameacha mashine yake ijae hivyo miaka sita. Lakini niliipangia usafi, nikajiambia. Niliipanga kwa mkono wangu. Nani aliiharibu ratiba yangu?

Nikafungua orodha ya kuwashwa na kuzimwa. Ilijipanga mbele yangu bila kukosea, wiki baada ya wiki kama punje za rozari: Jumamosi saa kumi na mbili jioni, imezimwa, Jumatatu saa moja asubuhi, imewashwa. Jumamosi, imezimwa. Jumatatu, imewashwa. Zaidi ya mara mia tatu. Na usafi niliupanga Jumapili saa nane usiku, kwa sababu mwaka ule nilijiona mjanja, nikasema Jumapili hakuna mtu kazini, mashine itakuwa na nafasi.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikatoka, nikamkuta Sista Avelina kwenye korido, nikamuuliza ni nani mwenye tabia ya kuzima mashine ambayo nilisema isizimwe kamwe. Sista alinitazama kidogo. Akasema kwamba mimi mwaka ule niliongea na mafundi wenzangu na padre, nikapanda gari, na kwamba yeye mwenyewe alikuja kituoni mwaka uliofuata. Ofisi hufungwa na Mama Edina. Ufunguo anao Mama Edina.

Nikarudi ofisini na maneno yangu yamepangwa kinywani. Mama Edina aliinua macho. Nadhani aliona uso wangu, maana alianza yeye.

"Fundi, imechoka?"

Nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi kuishusha, kwa nini huwa anaizima Jumamosi.

"Ili ipumzike Jumapili," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini hufunga mlango. "Inafanya kazi siku sita, mchana na usiku. Hata ng'ombe hafungwi jembe siku ya Bwana."

Kisha akanieleza, bila haraka. Edina alipoondoka, yeye hakujua amfanyie nini mtoto aliye mbali kiasi hicho. Kumpikia hawezi. Kumfulia hawezi. Masista wakamwambia habari zote za Ureno zinapitia kwenye kile chombo cha pembeni chenye taa ya kijani. Basi akasema chombo hicho atakitunza yeye. Akakifumia kitambaa. Akakipa Jumapili yake. Jumatatu asubuhi akikiwasha, sista mmoja wa mwanzo alikuwa amemfundisha kubonyeza mahali pamoja tu kwenye kompyuta, inatokea picha ya mlango wa monasteri, mlango wa mbao wenye kengele. Anautazama kidogo, kisha anachukua ufagio.

Nilijisikia mdogo, na sioni njia nyingine ya kulisema.

Saa sita ilikuwa imeshapita. Kilichobaki ni kimoja, nacho kilikuwa cha hatari: kufuta maandishi ya zamani kwa mkono kupitia lile dirisha la nyuma, huku mashine inaendelea kunakili, ili ipungukiwe na mzigo. Nikikosea faili moja, mashine ingezimika na isiamke. Nikamweleza Sista Avelina, akafanya ishara ya msalaba, akasema endelea.

Nilianza na mwaka 2004. Kabla ya kufuta nililazimika kufungua kila fungu na kuhakikisha ni maandishi tu, si kitu cha uhai wa mashine. Mistari ilipita mbele ya macho yangu, maelfu, barua na mitindo ya nguo na bei za vitambaa. Kila baada ya kitambo niliona kitu kilekile. Jumatatu, saa moja na dakika tano, anwani ya monasteri, ukurasa wenye picha moja. Ulifunguliwa, ukakaa dakika kumi na mbili. Jumatatu iliyofuata dakika tisa. Mwaka 2006 kuna Jumatatu moja ambayo ulikaa saa nzima, nami sikumuuliza ilikuwa siku gani. Nilikuwa nikifuta Jumatatu za Mama Edina moja moja, na yeye amekaa nyuma yangu, hata hajui kwamba ziliandikwa mahali. Kwa lile joto na ile sauti ya feni, ilifika wakati nikaona kama mlango wenyewe upo pale mbele yangu nyuma ya skrini, na kwamba nikifuta vizuri, bila kelele, utafunguka.

Nilipomaliza 2005 asilimia zilifika thelathini na nane. Nilipomaliza 2006, arobaini na sita. Zilikuwa zinakimbia sasa, lakini saa nayo ilikimbia.

Saa saba kamili Sista Avelina aliingia na wasichana wanne wa ushonaji. Walisimama mlangoni wakanitazama, nami nikatikisa kichwa. Ilikuwa hamsini na tisa. Nikadhani Mama Edina atalia, na nilikuwa tayari kwa kilio, nilikuwa sijui tu nitasimama wapi. Badala yake alinyanyuka, akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta ya ofisi, ile ambayo picha ingetokea. Skrini yake ilikuwa nyeusi. Akaketi, akanyoosha kitenge chake magotini.

"Kule wameanza," akasema. "Mimi nitakaa."

Wakakaa naye. Sista Avelina alikuwa na karatasi yenye mpangilio wa ibada, akawa anaisoma kwa sauti ya chini kila baada ya muda, akitazama saa. Sasa wanaingia. Sasa anaitwa kwa jina, naye anaitika. Sasa analala kifudifudi sakafuni juu ya kitambaa, na watu wanawaomba watakatifu wote. Wasichana wakaanza kuimba litania, mmoja akitaja jina na wengine wakijibu utuombee, na Mama Edina alijibu pamoja nao akiangalia ile skrini nyeusi bila kupepesa. Nina hakika alikuwa akiona. Mimi nilikuwa nafuta mwaka 2008 na machozi yananitoka, na sikuona haja ya kuyaficha kwa sababu hakuna aliyenitazama.

Saa nane na nusu ilifika themanini na tano. Saa tisa kasoro tano ilifika mia moja, mashine ikajizima yenyewe na kujiwasha. Ilichukua dakika zake. Saa tisa na dakika tano taa ya kijani ikawaka. Nikaruka kwenye kompyuta ya ofisi, nikafungua ile anwani, duara dogo likazunguka, likazunguka, kisha picha ikaja.

Kanisa lilikuwa tupu.

Misa ilikuwa imekwisha. Viti vilikuwa wazi, mishumaa miwili tu bado inawaka. Mwenye kamera alikuwa ameondoka na watu wengine na akasahau kuizima. Sista Avelina aliweka mkono juu ya bega la Mama Edina. Mimi niliangalia chini.

"Kuna mtu," akasema msichana mmoja.

Mbele kabisa, nyuma ya nondo zinazowatenga watawa na watu, palikuwa na mtawa mmoja ametugeuzia mgongo. Picha ilikuwa ndogo na ilikwenda kwa kukatakata, anainama, anasimama, anakuwa ameshahamia mahali pengine. Alikuwa akiokota sakafuni kile kitambaa kilicholaliwa wakati wa litania. Kutoka nyuma mtawa ni mtawa; angeweza kuwa mwenye miaka ishirini au themanini, Mreno au mtu wa Lipimbi. Akakikunja mara mbili kwa urefu. Kisha mara tatu kwa upana. Akakilaza juu ya benchi, akaegemea, na akakipiga pasi kwa mkono, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akisogea taratibu.

Mama Edina alishika ukingo wa meza.

"Huyo ndiye," akasema. "Bado anakunja kama nilivyomfundisha."

Mtawa akakibana kitambaa kwapani, akapiga goti mbele ya altare, akaingia mlango wa pembeni. Hakugeuka. Hakujua kama kuna mtu anamtazama. Mishumaa miwili iliendelea kuwaka kwenye skrini yetu mpaka saa tisa na nusu, alipotokea mtu wa kule, mkono ukafunika kamera, na picha ikakatika.

Wasichana walirudi kwenye cherehani zao wakinong'ona. Sista Avelina alikwenda kanisani. Nikabaki na Mama Edina, yeye kwenye kiti, mimi nikikusanya nyaya ambazo hazikuhitaji kukusanywa.

"Fundi," akaniuliza, "kosa lilikuwa nini?"

Ningeweza kusema satelaiti. Maisha yangu yote ya ufundi nimesema satelaiti, au umeme, au Dar es Salaam, na watu wameamini. Nikamwambia kwamba kosa ni langu. Niliipa mashine kazi ya kujisafisha siku ya Jumapili, wala sikumuuliza mtu yeyote Jumapili hapa kituoni ikoje. Kwa hiyo haikujisafisha hata siku moja, na leo uchafu wa miaka sita ukatushika.

Si mjinga Mama Edina. Niliona jambo likimfikia taratibu, likipita usoni na kushuka mpaka kwenye mikono.

"Na Jumapili mimi nilikuwa nimeizima."

"Ndiyo, mama."

"Basi tumeshirikiana," akasema.

Akageuza uso kwenye dirisha, na hapo ndipo alipolia, kidogo tu, akijifuta kwa ncha ya kilemba. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba alitaka sana kuuona uso wa mwanawe. Alikuwa ameuwaza uso huo miaka sita, kama umenenepa, kama umezeeka. Nami nikamwambia ninajua, ingawa sikujua. Uso angeuona kama walivyoupanga kuonekana, akasema, lakini mikono ameiona bila mwenyewe kujua, na mikono haijabadilika.

Jioni niliandika ripoti ya kazi, maana Sista alitaka karatasi. Kwenye mstari wa chanzo cha tatizo niliandika: fundi aliweka usafi wa diski siku isiyofaa. Halafu nikaihamishia ratiba Jumatano saa sita mchana, wakati ofisi inapigwa deki na mashine imewaka. Ile namba ya siri niliiandika upya na kuibandika chini ya meza. Mashine yenyewe niliipima mara tatu siku hiyo na mara mbili kesho yake, nikijua inafanya kazi.

Gari la kurudi lilikuwa Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwa hiyo Jumamosi saa kumi na mbili jioni nilikuwa bado ofisini. Mama Edina alikuja na ufunguo. Alifagia, akafunga madirisha, akachukua kile kitambaa chenye maua mekundu mezani. Kidole chake kilifika mpaka kwenye kitufe, kikasita hapo. Akanitazama, na katika macho yake niliona woga ambao haukuwepo kabla sijafika Lipimbi.

"Izime, mama," nikasema. "Ipumzike."

Akaizima. Ile sauti ya feni iliyokuwa masikioni mwangu siku mbili ikafa, na sauti ya ziwa ikarudi. Akakikunjua kitambaa akakitandaza juu ya mashine, akashika pembe zake mbili na mimi nikashika mbili nyingine. Upande wangu ulikuwa umekunjamana, nikaunyoosha kwa mkono, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.